Madoa kwenye Kamera ya Shabani

Wasikilizaji wapendwa, poleni na shughuli. Leo tunamkumbuka Shabani Mfaume, mpiga picha wa Kyela mjini, tuliyemzika Ijumaa. Shabani alikuwa mcheshi. Alikuwa fundi. Na, Mungu amrehemu, alikuwa na dhana mbaya kupita kiasi.

Mwaka 2004 alinunua kamera ya dijitali, ile ya kubadilisha lenzi. Rafiki yake wa miaka ishirini, Hezroni wa Ngana, naye mpiga picha, akaiazima apige picha za msiba. Akairudisha. Kesho yake Shabani akampiga picha bibi harusi kule Ndandalo. Doa jeusi shavuni! Akampiga mchungaji. Doa palepale.

Mbona Hezroni aliirudisha akitazama chini? Mbona siku hizi anafunga duka mapema? Mbona wateja wake wanacheka-cheka? Shabani hakulala. Siku ya soko, mbele ya wauza mchele, akamtolea uvivu: "Umeniharibia kamera kwa wivu!"

 Hezroni alipanda baiskeli akaenda zake. Wateja wakamkimbia, akafunga duka.

Hata hivyo Shabani hakutulia. Alishuku kwamba Hezroni ana ufunguo wa duka lake. Basi kila jioni akaficha lenzi kabatini, na kamera yenyewe kwenye gunia la mchele, ili mwizi asipate vyote. Kamera bila lenzi, wasikilizaji, mdomo wazi, ndani ya mchele uliotoka mashineni! Doa moja likawa matano. "Anaingia huyu!" akalalama.

Mkewe, Bi Mwanaheri, anasimulia: "Nikamwambia, Baba Sabrina, Hezroni yuko Mbeya wiki ya pili, anauguza mama yake. Hebu tazama humo ndani."

Wakamulika tochi. Kwenye sensa, kile kioo kidogo kinachonasa picha, kulikuwa na vumbi la pumba. Bi Mwanaheri akaleta kipira cha kunyonyea kamasi za watoto. Wakaielekeza kamera chini, wakapuliza. Picha ya ukuta mweupe ikatoka safi. Na lile doa la kwanza? Shabani alikuwa akibadilisha lenzi mlangoni kila siku, na jirani yake ni mashine ya kukoboa mpunga. Alikaa sakafuni akalia kwa aibu.

Hezroni aliporudi kutoka Mbeya, siku tisa zilipita ndipo Shabani akathubutu kwenda Ngana. Mzee Hezroni anakumbuka: "Nilimpa ndizi, tukala. Akasema, nisamehe. Nikamwambia, ndaga, asante, ndugu yangu, nimekusikia. Lakini hukunituhumu hapa nyumbani kwangu."

Shabani akaelewa. Siku ya soko akasimama palepale kwa wauza mchele. "Nilimsingizia Hezroni. Vumbi lilikuwa langu mwenyewe." Wateja wengine walirudi kwa Hezroni. Wengine hawajarudi hadi leo.

Pole sana Bi Mwanaheri. Pole Sabrina, mtoto wao. Pole Mzee Hezroni, uliyekaa na wafiwa siku zote tatu. Nawe unayenisikiliza, kuna mtu ulimchafua mbele za watu, kisha ukamwomba radhi kwa kunong'ona. Kesho ni siku ya soko.