Pak Ngadiman na Sakafu ya Sumberjenar

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya kudeki, kupiga kengele na kufunga milango, Pak Ngadiman, yaani Mzee Ngadiman, mhudumu wa Shule ya Msingi Sumberjenar, anastaafu. Tulimsihi aongeze mwaka mmoja. Akasema tukauombe mgongo wake. Yeye mwenyewe hana neno.

Sheria ya viatu kubaki nje haikuandikwa popote shuleni kwetu. Ilikuwa usoni mwa Pak Ngadiman. Mkaguzi mmoja wa wilaya alilikagua darasa la sita akiwa na soksi zenye matundu, na ripoti yake ikawa fupi kuliko zote tulizowahi kupata.

Miaka kumi na minne iliyopita, katikati ya msimu wa mvua, aliletwa Palupi, msichana wa miaka saba, kwenye kiti cha magurudumu. Alipewa muda wa majaribio wa wiki mbili. Akishindwa kusoma na wenzake, angepelekwa shule maalumu mjini, alale bwenini, mbali na mama yake.

Pak Ngadiman alisimama mlangoni na tambara lake.

"Viatu nje, binti."

"Nimeshavua, Mzee."

"Na hayo magurudumu yenye matope?"

"Hayavuliki. Labda una spana?"

Darasa likacheka. Pak Ngadiman hakucheka, wala hakumpisha. Siku tatu Palupi alisomea barazani, akinakili ubao kupitia dirishani, na sisi walimu, tuseme ukweli, tulijifanya hatuoni. Jambo hili si la kuandikwa siku ya kuagana, lakini mwenyewe ameshikilia: "Liandikeni. Mkiliruka, mtakuwa mnamuaga mtu mwingine."

Siku ya nne Pak Ngadiman alimkuta mama yake Palupi amepiga magoti getini, akifuta magurudumu kwa mtandio wake, kama alivyofanya kila asubuhi. Yalikuwa yanang'aa. Matope yote aliyokuwa akiyalaumu yalitoka kwenye uwanja wa shule, uwanja alioufagia yeye.

Kesho yake alikuja na mifuko miwili ya kitambaa yenye lastiki, akapiga magoti mlangoni na kuyavisha magurudumu.

"Haya, soksi hizo. Ingia."

"Zimepauka, Mzee."

"Nimezishona kwa saruni yangu ya sikukuu, usiitukane!"

Kisha akamwaga saruji kutoka getini hadi mlangoni. Mteremko wa kwanza aliujaribu mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kiti cha Palupi. Hakusimama mpaka alipougonga mlingoti wa bendera. Aliubomoa mteremko huo, akaujenga upya, mrefu zaidi na wa taratibu.

Wiki mbili zilipokwisha, Mwalimu Mkuu, Bu (yaani Mama) Lestanti, aliuliza kikaoni kama mtoto abaki. Mmoja wetu akasema watoto kama yule wanahitaji pahali pao. Wengine tukaangalia meza. Pak Ngadiman, ambaye alikuwa ameleta chai tu, aliweka sinia chini.

"Bu, mnatafuta pahali pake? Si pale kando ya dirisha, safu ya pili? Mimi nimeshapadeki."

Palupi alikaa hapo miaka sita, na kila mchana alirudi kwa mama yake. Baada yake wamekuja watoto wengine tisa kama yeye, na hatukuitisha tena kikao cha namna ile.

Asante, Pak Ngadiman. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na miaka mingi ya kunyoosha miguu huku mtu mwingine akideki.