Muhindo Alionja Mbele

Kijiwe cha Rachid hakina bango wala jina. Ni ubao mmoja uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, kwenye kona ya njia ya vumbi jekundu huko Kampemba, Lubumbashi, na mbele yake mbabula, jiko la makaa, wenye birika la kahawa. Umeme ukikatika, na siku hizi kukatika ndiyo kazi yake, wanaume huja pale kutafuta habari, na wakizikosa huzitengeneza wenyewe. Tangu Goma ianguke mwezi wa kwanza na Bukavu ikafuata, mji mzima ulikuwa unaangaliana kwa jicho la pembeni. Ukiongea kwenye simu kwa lugha ambayo jirani haijui, jirani anavuka upande wa pili. Ndivyo tulivyokuwa, tusidanganyane.

Jumamosi ile walikuwepo wawili ambao hawakosi. Wa kwanza Paulin, wanayemwita Enjenia, aliyemaliza miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha shaba na kutoka na kofia tu ya plastiki. Wa pili Gérard, jina lake la kijiweni Komunike, yaani Tangazo, kwa sababu husikiliza redio tatu asubuhi na kuzichanganya hadi mchana. Rachid alikuwa anapepea makaa. Hasemi sana Rachid. Babu yake alitoka mkoa wa Maniema na kanzu moja na cherehani, akawaachia wajukuu kazi za mikono na tabia ya kutojitia katika mambo ya watu.

Mazungumzo yalikuwa juu ya Muhindo.

Muhindo alikuwa mfanyabiashara wa maharage kule Goma, mwenye malori mawili. Vita ilipoingia aliyaacha yote, akavuka Rwanda, akazunguka Tanzania na Zambia pamoja na mke wake, wakaingia tena Congo kwa mlango wa Kasumbalesa. Miezi minne sasa alikuwa anakunywa kahawa kwenye ubao ule ule. Ila Jumamosi hakai. Jumamosi anatembeza wageni kwa miguu, watu watatu wanne kutoka nje ya nchi, anawapitisha kwa akina mama wa barabarani: hapa munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, pale chikanda, andazi la mizizi ya porini, kule nyama ya mbuzi ya kuchoma, mikate ya mafuta ya moto. Mwalimu mmoja wa Ndola, Zambia, alimwomba mara moja amwonyeshe watu wanakula nini, akaenda kuwaambia wenzake, basi ikawa kazi.

Na asubuhi ile Muhindo alikuwa amekosea kwa Mama Nkandu, muuza munkoyo.

Munkoyo una adabu yake. Anayekumiminia anakunywa kwanza funda moja mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Hivyo moyo wako unatulia na wake unakuwa mweupe. Mama Nkandu alijaza kikombe, akakinyanyua aonje, na Muhindo akakipokea taratibu kutoka mkononi mwake, akanywa yeye, kisha akampa mgeni. Maskini, alidhani anambebea mgeni wake hatari. Lakini Mama Nkandu aliona amevuliwa nguo mbele ya wageni. Kama haruhusiwi kuonja munkoyo wake mwenyewe, basi anaitwaje kama si mtia sumu? Kabla jua halijapanda, soko lote lilikuwa limesikia.

Paulin aliweka kikombe chini.

— Mutu anaonja mbele ya mwenye kupika, ile iko na dawa ya kukinga sumu tayari mu tumbo. Donc, basi, alijua kuko kitu.

— Kitu gani? Rachid aliuliza.

— Ile njo sijue. Lakini mugeni siku ya tatu unamupa jembe. Siye tulimupa kikombe. Njo pale tulikosea.

Gérard alisema hiyo ni ndogo. Tuangalie anasimama wapi, alisema. Munkoyo iko karibu na daraja. Mbuzi iko nyuma ya depo ya mafuta. Mikate inauzwa ukiangalia kituo cha polisi uso kwa uso.

— Daraja, depo, kituo. Ile haiko njaa, Enjenia. Ile ni karte, ramani ya vita. Banatembea na midomo inatafuna, macho inaandika.

Paulin hakupenda kuachwa nyuma. Alikiri kwamba wiki iliyopita aliwafuata kwa mbali akihesabu hatua, na kati ya mama mmoja na mwingine hazikupungua mia tatu. Raia wa kawaida akiwa na njaa anasimama popote. Anayesimama kila hatua mia tatu amefundishwa. Gérard akakubali, akaongeza kwamba wale wageni si wageni, ni watu wa kupima. Wanajua sasa mji unakula nini na kwa mkono wa nani. Siku ikifika watawafunga akina mama, mmoja leo, mwingine kesho, na Lubumbashi itafungua mlango yenyewe bila risasi. Paulin akasema hata hawatahitaji kufunga. Watachukua mizizi ya munkoyo, wataipeleka maabara, itarudi na usingizi ndani. Tutalala Jumapili, tutaamka Jumanne, bendera imebadilika.

— Mula nawe hafi nawe, Gérard alisema, akainua kidole kama katekista. Juu ya ile, hapana kula naye.

Kicheko kilitoka, lakini kilikuwa cha meno tu.

Rachid aliendelea kupepea makaa ambayo hayakuhitaji kupepewa. Alikuwa na jambo kifuani. Wiki tatu nyuma, wakiwa wawili tu, Muhindo alikuwa amemfungulia lile daftari analotembea nalo, lile ambalo Gérard huliita ripoti. Hakukuwa na daraja ndani wala depo. Kulikuwa na Mbambu, mke wake, mimba ya miezi saba. Tangu wavuke mpaka haendi nje na chakula hakikai tumboni. Basi Muhindo alizunguka mji asioujua, mama kwa mama, anaonja, anafungiwa kidogo kwenye jani, anampelekea. Aliandika mbele ya kila jina: imerudi, imerudi, imerudi. Kwenye ukurasa wa nne, mbele ya chikanda ya mwanamke mmoja wa mtaa wa Katuba, aliandika: imekaa. Alikuwa amepiga mstari mara mbili chini ya neno hilo. Hivyo ndivyo alivyoujua mji, na wageni walipokuja alikuwa na la kuwaonyesha. Akamwonyesha Rachid ukurasa ule huku anacheka na macho yamejaa maji.

Maneno mawili yangetosha. Rachid angesema tu, jamani, mutu anamutafutia bibi yake chakula. Lakini aliogopa. Tuseme hivyo hivyo, aliogopa. Alikuwa kijana miaka ile majirani walipopakiwa kwenye treni na magodoro yao kwa sababu babu zao walizaliwa mkoa mwingine. Baba yake alimsemea fundi mmoja wa viatu asipakiwe, neno moja tu, na asubuhi yake wakakuta mlango wao umechorwa chokaa. Watu wanaoitwa wa kuja hawamsemei mtu wa kuja. Rachid alijua hilo kabla ya kujua kunyoa ndevu.

Kwa hiyo Paulin alipomgeukia na kumuuliza yeye mwenye birika anaonaje, Rachid alijaza vikombe.

— Mi simujue, alisema. Anakunywaka kawa, anaenda.

— Voilà, Gérard alisema. Njo ile nilimwambia shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu, leo asubuhi.

Pepeo ilisimama.

— Ulimwambia nini?

— Vile ulisemaka weye mwenyewe hapa Alhamisi. Nilimwambia ata Rachid hamujue, na Rachid njo anamupa kawa kila siku. Shefu akasema kama mutu wa kijiwe hamujue, basi ni mambo ya kuuliza.

Gérard hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyeripoti bomba limepasuka. Paulin alikohoa, akasema si vibaya kuuliza, mtu safi haogopi swali. Rachid alitaka kuondoka pale pale aende kwa shefu, akaongeza makaa badala yake. Akawa anajiambia bado mapema, watamwuliza Jumatatu, kesho ataenda polepole, atasema vizuri.

Ndipo mwanamke mmoja akaja anatembea haraka katikati ya barabara, vumbi hadi magotini, kamba ya kiatu kimoja imekatika anakiburuta. Alikuwa ameshika daftari la Muhindo kwa mikono miwili. Alijitambulisha: Musonda, mwalimu wa Ndola, yule yule wa kwanza, alirudi mara ya pili na wenzake. Kibemba chake walikielewa chote, na penye Kiswahili alijikokota.

Alieleza kwamba vijana wa kartie waliwakuta wanakula nyama ya mbuzi. Waliwaambia wageni waende zao. Muhindo walimpandisha kwenye gari, wakasema ni maswali mawili tu, ila mmoja alikuwa amekwisha kumvua mkanda na viatu. Na kabla mlango haujafungwa Muhindo alimtupia daftari.

— Alisema nije kwa kona ya kawa, Musonda alisema. Alisema, pale kuko ndugu zangu, batakupeleka kwa bibi yangu, asisikie habari mu njia. Anaweza kuzaa mbaya. Nyumba yake ni gani?

Paulin alimwangalia Gérard. Gérard aliangalia mbabula. Miezi minne, na hakuna aliyewahi kwenda hata kumpa pole ya vita. Walijua alikaa upande ule wa juu, au labda ule wa chini.

— Nyumba yake, Musonda alirudia, akidhani Kiswahili chake ndicho kibaya. Ni gani?

Rachid aliacha birika likichemka, akamwambia twende. Walibisha hodi kila geti la upande wa juu, yeye akiuliza mutu wa Goma, bibi yake iko na mimba. Watu waliuliza kwanza yeye anawatafutia nini, wakafunga. Mzee mmoja alimwambia hapa hakuna wa Goma, na akasubiri aondoke. Kwenye geti la tisa, la mabati, lililofungwa kwa waya, hakuna aliyekuja kufungua, lakini kulikuwa na pumzi ya mtu upande wa pili.

— Ni nani? sauti ya mwanamke iliuliza, Kiswahili cha Kivu.

— Rachid. Wa kawa.

Waya ulitikisika kidogo kisha ukatulia. Mkono ulikuwa juu yake.

— Bwana yangu alisemaka, huku Lubumbashi kuko Rachid moja mwenye anamujuaka muzuri, alisema Mbambu. Alisema siku kukiwa shida, nimufungulie ule tu. Njo weye, ule Rachid?

Rachid alikuwa ameweka kiganja kwenye bati. Kwenye ubao alikuwa amesema simujue. Musonda alimtazama, akingoja ajibu.