Mfupa Uliokataa Kuunga na Sahani za Mama Ngojeni

Ndugu waombolezaji, nianze na yale ambayo hakuna shahidi aliyeyapinga: kwamba dada yetu alizaliwa tarehe 3 Februari 1961, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi saa na mkunga, kwamba alitumikia maabara ya hospitali moja kwa miaka thelathini na sita, na kwamba kwa kusema "ngojeni" kutwa nzima, wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Ngojeni. Mengine nimeyapima, na yaliyokosa uthibitisho nimeyaacha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1980, akahitimu stashahada ya maabara tarehe 12 Novemba 1984, na Januari iliyofuata akapangiwa chumba cha kuotesha bakteria, chenye dirisha moja na kabati la joto lililounguruma kama paka aliyeshiba. Tarehe 20 Agosti 1988 aliolewa na fundi umeme aliyeitwa kulitengeneza kabati hilo mara nne, ambaye sisi shemeji zake tunashuku kwamba ziara tatu hazikuwa za lazima, wakajaliwa binti mwaka 1990 na mwana mwaka 1993.

Linalofuata aliliandika kwa mkono wake na kuagiza lisomwe. Mwaka 2006 aliletewa kipande cha mfupa wa mshonaji ambaye muundi wake ulikuwa umevunjika na kukataa kuunga kwa mwaka mzima, sahani za kuoteshea bakteria alimokipanda hazikuotesha kitu, siku ya tano akazitupa kama desturi ya maabara ilivyoelekeza, akaandika kwamba hakuna maambukizi, daktari wa mifupa akamwamini na kuweka chuma kipya, na baada ya miezi minane mguu ukakatwa, usaha ukiwa ndani ya mfupa. Kamati ya hospitali iliyochunguza ilimwona hana hatia kwa kuwa alifuata kanuni, lakini yeye utetezi huo aliukataa.

Akasoma, akauliza, akajua kwamba wako bakteria wanaojibanza kwenye chuma bila homa wala kidonda, na kuota kwao ni kwa kujivuta. Tangu hapo alidai dawa za kuua bakteria, ambazo huwaficha, zisimamishwe wiki mbili kabla ya upasuaji, mfupa uchukuliwe sehemu tano, kila kipande kwa kifaa chake safi, na sahani zikae siku kumi na nne. Wenzake walimtania, "Mama, hizo sahani utazilea mpaka uzipeleke shule?" naye akawajibu, "Zikifaulu, sare mtashona ninyi."

Tarehe 6 Mei 2014 vililetwa vipande vitano vya mfupa wa paja la mwashi aliyekuwa na miezi kumi na minne kwenye magongo, vipimo vyake vya damu vikiwa safi. Siku ya tano daktari alitaka jibu ili aweke chuma cha tatu, akamwambia, "Mama, mgonjwa ananisubiri mimi, si wewe," naye akasema, "Daktari, amevumilia miezi kumi na minne, muongezee siku tisa," akakataa kutia saini. Tarehe 17, siku ya kumi na moja, sahani za vipande vitatu ziliotesha bakteria wa aina moja. Kingeotesha kimoja, angeshuku uchafu wa mkono, lakini vitatu vilivyochukuliwa mbalimbali vikisema jambo moja, huo ni ushahidi. Chuma kikatolewa, mfupa ukasafishwa, dawa ikachaguliwa kwa adui anayejulikana, na Machi 2015 paja likaunga. Daktari ameniruhusu kusema kwamba huenda kusafisha peke yake kungetosha. Mwashi, aliyesimama pale kwa miguu yake miwili, hataki hata kulisikia hilo.

Alistaafu mwaka 2021, saratani ya kongosho ikagunduliwa tarehe 9 Juni 2024, akatutoka tarehe 27 Januari 2025, saa nne asubuhi, mumewe na wanawe wakiwa kando ya kitanda. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kufua bila kuombwa, na wenzake wa maabara, ambako sasa kanuni ya siku kumi na nne imebandikwa ukutani.

Alituachia swali moja, iwapo mifupa yote aliyoikoa baadaye inaweza kufidia mguu mmoja wa mshonaji. Mimi ni mdogo wake, nina upendeleo, kwa hiyo najitoa katika shauri hili. Ninyi mliosikia, amueni wenyewe. Dada, pumziko lako na liwe la amani.