Sahani Moja na Mzee Wangu

Bamama na bapapa, Bwana asifiwe. Majina ya wote waliomo katika habari hii ninayo, hata la mbuzi wetu wa wakati ule. Leo sitaji hata moja. Wenyewe mtajijua.

Mzee wangu alivunja mawe kwenye machimbo ya Muganza mpaka nywele zikawa nyeupe. Alipopumzishwa kazi, alikaa kwenye kiti mbele ya nyumba, na kiti kikamshika. Tumbo likaanza kumtangulia. Majirani wakanisifu: "Maman, bwana yako ananenepa! Unamutunza muzuri!" Nami nikafurahi! Si mnajua kwetu sahani ya mume hupakuliwa kwanza, tena ijae, watu wasiseme unamnyima. Nikimwona kimya, naongeza bugali. Akinuna, naongeza mawese kwenye mboga ya sombe. Ndugu zangu, nawaambia, kila huzuni yake niliijibu kwa mwiko.

Akaacha kuongea. Akaacha umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, yeye aliyekuwa wa kwanza kufika na jembe. Akaacha na kanisa, eti mahubiri ni marefu. Nikamsema sana: "Mzee, hicho ni kiburi."

Jumapili moja nilisahau Biblia, nikarudi. Nikamkuta kitandani, amevaa suti, jasho linamtoka, anajaribu kufikia kamba za viatu. Tumbo linamkatalia. Kumbe kila Jumapili nikishatoka alikuwa anajaribu.

"Wende tu, Maman," akasema. "Muntu hawezi kufunga kiatu yake, ni wa kazi gani? Afazali nikufe, upumzike."

Nikaketi sakafuni, miguuni pake. "Nani alikuambia nimechoka?" Siku hiyo hatukusali kanisani. Tulilia hapo hapo, sisi wawili.

Kesho yake, kituo cha afya. Muuguzi, binti wa rika la wajukuu wetu, akamzungushia utepe tumboni. Mzee akavuta tumbo ndani, akabana pumzi. "Papa, pumua tu," binti akacheka, "utepe nitaungoja." Alipopima presha hakucheka tena. Akamuuliza siku nzima anaongea na nani.

"Na kiti," Mzee akajibu.

Binti akatuambia huzuni nayo ni ugonjwa, arudi waiongelee. Akampa dawa ya presha, akasema atembee kila siku. Kisha akanigeukia: "Maman, nani anapakua?" Nikaangalia dirisha.

Tangu hapo tunakula sahani moja, kama tulipooana. Siku ya kwanza Mzee akasema, "Sasa unaniibia mbele ya macho yangu!" Ndugu zangu, utani wake nilikuwa nimeusahau. Majirani wakaanza tena: "Bwana yako anakonda, munagombana?" Iliniuma, lakini mwiko sikuuongeza. Wiki za mvua alirudi kwenye kiti, na rafiki yake wa machimbo akawa anakuja na mwavuli kumtoa: "Simama, mvivu!"

Namshukuru binti yule. Namshukuru mwenye mwavuli. Bamama wenzangu, mume akinyamaza, msikimbilie chungu. Muulizeni, mngoje jibu.

Tumbo bado lipo, msigeuke kumwangalia pale mlangoni. Lakini asubuhi hii goti langu lilikataa kukunjika, kamba ya sandali ikanishinda. Mzee akainama, polepole, akilalamika kama mlango wa zamani, akaifunga.

"Twende, Maman," akasema. "Wewe ndiye unatuchelewesha."