Vibanja Sita Katika Fomu Yangu

Shikamooni wazee. Wenzangu, poleni na kazi za shamba.

Mnanijua. Mimi ndiye kijana ninayekaa nyuma kanisani nikiuliza mhubiri amejuaje. Shuhuda nilikuwa naziona zote zinafanana, na sikutegemea kutoa ya kwangu. Leo nimesimama kwa sababu mama mmoja wa chama hiki cha wakulima amenikubalia niseme. Alinipa masharti mawili. La kwanza, nisimtaje. Kwa hiyo, ndugu zangu, nawaomba msigeuzegeuze shingo. La pili nitalitimiza mwishoni.

Nilipotoka chuoni, chama kilinipa kazi ya kutengeneza fomu ya kuandikisha kwa simu wakulima wanaotaka miche ya kahawa, kuanzia huku Chonyonyo mpaka Ihembe. Fomu yenyewe ni ya kubadilika: ukijibu una mbuzi, inakuuliza wangapi, ukijibu huna, swali linajificha. Fundi wa tovuti haanzi fomu ya namna hiyo kutoka sifuri. Anachukua kiunzi, yaani kazi iliyokwisha andikwa na wengine kwa JavaScript, anajenga juu yake. Viunzi ni vingi. Vingine vizito, vina kila kitu. Vingine vyepesi, vina kidogo.

Mimi nilichukua kizito kuliko vyote. Mkiniuliza kwa nini, jibu la kweli ni kwamba kampuni kubwa zinakitumia na nilitaka kukiandika kwenye barua zangu za kuomba kazi.

Rafiki yangu, fundi simu wa Nkwenda, aliniuliza, "Umeijaribu kwenye simu ya mtu?"

"Kwani yangu si ya mtu?"

"Yako ni ya bwana harusi. Njoo uone ninazoletewa hapa."

Nilicheka. Sikwenda.

Uandikishaji ukafanyika, orodha ikatoka. Mtakumbuka mkutano ule. Jina la huyo mama lilikuwa na vibanja sita vya migomba na kahawa, vyote ukubwa mmoja. Mtu mmoja akamwita kwa heshima ya utani, kwa sauti, "Waitu mama, sita? Umerithi lini Karagwe yote?" Ukumbi ukacheka. Yeye akajibu kwamba ana kimoja na aliandika kimoja.

Mwenyekiti akanigeukia. "Kijana, hiyo mashine inaweza kukosea?"

Nikasema, "Inaandika inachoambiwa."

Miche hugawiwa kwa idadi ya vibanja, na kwa utaratibu wetu, aliyedanganya idadi hapati miche. Jina likafutwa. Mama alisimama, akakaza kitenge chake, akatoka bila kumwangalia mtu.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo nilipoanguka. Nilipofika nyumbani nilijaza fomu ile kwenye simu yangu. Ikafanya kazi vizuri. Nikaipitia orodha tena, nikaona wengine wawili, waliofutwa nao, wana vibanja vinne vinne, vya ukubwa mmoja. Nilishtuka. Mtu anayehoji kila kitu alipaswa kuhoji pale. Nilifunga kompyuta, sikumwambia mtu. Wiki kadhaa sikuja mkutanoni, na nikienda sokoni nilizunguka njia ndefu nisipite kwake. Mama yangu alikuwa ananipakulia chakula bila kuniuliza kitu. Kwa anayemjua mama yangu, hiyo ni adhabu.

Siku moja asubuhi nikaacha kuzunguka. Nilimkuta anang'oa magugu kwenye migomba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kuvihesabu?"

"Nimekuja kukuona ukijaza fomu. Nadhani kosa ni langu."

Alinawa mikono. Akanipa kigoda na kahawa za kutafuna, kama anavyopewa mgeni yeyote, hata asiyestahili. Kisha akachukua simu yake, ndogo, kioo kimepasuka pembeni, akafungua fomu. Ilionekana yote. Akabonyeza "Ongeza kibanja". Kimya. Akabonyeza tena. Nilikuwa natafuna punje ya pili.

"Huwa inagoma hivi," alisema, akabonyeza tena, na tena, mpaka mara ya sita.

Nilipofika punje ya tano fomu ikazinduka. Kiunzi kile kilikuwa kizito kwa simu ile. Kitufe kilionekana mapema, lakini nguvu ya kukisikiliza ilichelewa. Mibonyezo yote ilisubiri foleni, ikaingia kwa pamoja. Vibanja sita vikafunguka, vitano vikiwa chini ya kioo asikoweza kuona. Akajaza cha juu. Vilivyobaki vikanakili ukubwa wake vyenyewe, maana nilivipanga hivyo ili nimrahisishie mkulima. Kitufe cha kutuma nilikuwa nimekibandika palepale mbele ya macho, kwa urembo. Akatuma.

"Nimeandika vingapi?" akaniuliza.

"Sita."

Alinisogezea kahawa.

Nilirudi kwake mara tatu na viunzi vitatu, simu ileile, kigoda kilekile. Kipimo changu kikawa punje: nimetafuna ngapi kabla kitufe hakijaitika. Mwishowe nikachagua chepesi. Kibanja cha kwanza sasa kiko wazi kwenye ukurasa tangu mwanzo, hakihitaji kubonyezwa, na kitufe kikishabonyezwa kinajifunga mpaka kijibu. Siku hiyo kitufe kiliitika punje ya kwanza ikiwa bado nzima mdomoni. Sisemi kiunzi kizito ni kibaya. Kwa ofisi yenye mtandao mzuri ningekichukua hata kesho. Nilikichagua nikimfikiria mtu asiyekuwepo.

Nikarudi mkutanoni nikasema. Mwenyekiti akauliza, "Mashine au wewe?" Nikajibu, "Mimi." Majina matatu yakarudishwa. Lakini miche ya msimu ule ilikuwa imekwisha gawiwa. Walisubiri mvua nyingine, na hilo sina la kulifanya.

Namshukuru fundi wa Nkwenda, aliyeniambia mapema nikacheka. Namshukuru katibu wa chama, ambaye hata baada ya hayo hakuninyang'anya kazi. Na mama, aliyeniazima simu yake wakati jina lake lilikuwa bado limefutwa.

Nilichojifunza ni kidogo. Nilihoji wahubiri, walimu, wazee. Kitu pekee ambacho sikukihoji ni kile nilichokiandika mwenyewe. Simu ikisema jambo na mtu akisema jingine, nendeni mkakae na mtu huyo kwanza, mwangalie mkono wake unavyofanya.

Sasa sharti la pili. Nilimuuliza anataka niseme nini kwa niaba yake. Akasema nitaje idadi tu, kwa sauti, mbele ya waliocheka.

Ana kibanja kimoja.