Deni la Dizeli kwa Jina la Karimi

Risala ya waliokuwa wasimamizi wa shamba la maua, Timau, kwa Bw. Kithinji, mkurugenzi wa benki katika kanda hii, siku ya kufungua tawi jipya

Mgeni rasmi, meneja wa tawi, wachungaji, na majirani wote mliovumilia baridi hii,

Karibu tena Timau. Tunasema "tena" kwa sababu mwaka wa 2016 ulifika hapa ukiwa ofisa wa mauzo, ukakaa kwenye benchi la kantini yetu, ukala nasi githeri, mahindi na maharagwe yetu. Tumefurahi kuona umepanda cheo. Meneja ametuomba risala isizidi dakika tano na isitaje mtu kwa jina. Dakika tano tutajitahidi.

HISTORIA

Tulikuwa wasimamizi kumi na wanne. Dizeli ya pampu ikiisha, tulingoja sahihi ya mhasibu kutoka Nairobi huku maua yakinyauka. Ndipo mwajiri akakubaliana na benki yako kila msimamizi apewe kadi ya mkopo ya kununulia dizeli na dawa. Shamba lingelipa kila mwezi.

Mmoja wetu, Karimi, alitoka Kianjokoma akiwa msichana, akaja kukata maua mpaka akawa msimamizi. Si mwepesi wa kutia sahihi. Aliishika ile fomu, akaigeuza mbele na nyuma.

"Mbona jina ni langu na kitambulisho ni changu, na mafuta ni ya kampuni?"

"Hiyo ni utaratibu tu, mama," ulimjibu. "Kadi lazima iwe na jina la mtu. Anayelipa ni shamba."

"Na wasipolipa?"

Ulicheka, mgeni rasmi. Na sisi tulicheka. Karimi akaona haya, akatia sahihi.

MAFANIKIO

Kwa miaka miwili pampu hazikuzima. Karimi hakununua hata kiberiti kwa kadi ile. Shamba lilipofungwa mwaka wa 2018, kadi zetu zilikatwa kwa makasi mbele ya macho yetu, nasi tukaenda zetu tukidhani mambo yamekwisha, bila kujua kwamba shamba halikulipa dizeli ya mwisho.

Fanikio la pili ni kwamba leo tunajua kusoma ripoti ya mikopo, somo ambalo siku ya githeri halikuwepo. Tumejua kwamba kadi huandikwa kwenye faili ya mtu kama mkopo ulio wazi: kiwango alichoruhusiwa, salio, na siku alizochelewa. Zikipita siku tisini, anaitwa mkopaji mbaya, na kila benki inaona. Makasi hayafungi akaunti. Barua za onyo zilitumwa kwa sanduku la posta la shamba, na shamba halikuwa na mtu tena.

CHANGAMOTO

Zipo nyingi. Mwenzetu Mwaniki alikosa kazi ya kaunti kwa ajili ya faili yake. Lakini tumekubaliana tuseme ya Karimi.

Mumewe, Njoka, alipofariki, hawakuwa na ardhi yao. Mzee Marete, aliyewakodishia robo ekari ya viazi, alimruhusu Karimi amzike pembeni mwa shamba hilo. Mwaka wa 2021 mzee aliamua kuuza, akamwita Karimi kwanza.

"Wewe una mtu wako pale," alimwambia. "Nakungoja hadi mwisho wa mwezi."

Karimi alikuwa na nusu ya bei, akiba ya miaka kumi na tisa. Nusu nyingine aliiomba benki yako. Ofisa wa mikopo, Bi. Kiende, alimgeuzia kompyuta aone mwenyewe.

"Mama, uko CRB, kwenye orodha ya wasiolipa mikopo. Kuna kadi haijalipwa siku elfu moja na zaidi."

"Kadi gani? Si ile ilikatwa?"

"Hapa iko wazi. Ilinunua dizeli."

"Kwani mimi nina trekta?"

Bi. Kiende aliirudisha kompyuta upande wake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mfumo hauulizi mafuta yaliingia wapi. Ulipe kwanza, jina litoke."

Karimi alilipa. Alitoa sehemu kubwa ya akiba yake, akalipia dizeli iliyochomwa na pampu za mtu mwingine, akarudi na risiti, siku tatu kabla ya mwezi kuisha. Akaambiwa deni sasa linasoma sifuri, asante sana, lakini historia ya kuchelewa hukaa kwenye faili miaka mitano. Mkopo ukakataliwa.

Shamba lilinunuliwa na mkulima wa ngano. Si mtu mbaya. Alimpa Karimi miezi mitatu atafute kibali amhamishe Njoka. Tulichimba sisi wenyewe, wanaume wanane na mchungaji mmoja. Karimi alisimama pale ukingoni, mikono ameikunja ndani ya leso. Siku nzima alisema neno moja tu, kwa wale waliokuwa shimoni.

"Polepole."

Njoka sasa yuko makaburi ya umma, safu ya tatu.

MAOMBI

Hatuombi mkopo. Tunaomba benki yako iandikie ofisi za kumbukumbu za mikopo kwamba madeni haya yalikuwa ya shamba. Tumekwisha kuandika barua sita. Tulijibiwa moja, ikitushukuru kwa kuwa wateja waaminifu. Tunaomba pia mtu apigiwe simu yake mwenyewe kabla jina lake halijapelekwa.

Karimi amekataa kuja. Jana tulimsomea risala hii jikoni kwake, akimenya viazi. Tukamuuliza tuongeze nini. Alimaliza kiazi alichokuwa nacho, akakitia majini.

"Shamba la Marete limeenda, hilo liacheni," alisema. "Waandike tu kwamba Karimi hakukopa. Nataka kuisoma barua hiyo nikiwa bado na macho."

Mgeni rasmi, Mungu akurudishe salama, abariki tawi hili, na amjalie kila atakayetia sahihi humu ndani kusomewa kwanza.

Ni sisi, waliokuwa Wasimamizi wa Mabanda ya Maua, Timau: kumi na watatu tulio mbele yako, na mmoja aliyebaki nyumbani.