Accent ya Élisée

Ku ligablo, kale kaduka ka Mama Orpa, mu mutaa wetu wa Bulengera, kuko banc ya mbao. Asubuhi tunakunywa pale kahawa na kubishana. Siku ile Élisée alifika uso umelegea, invitation ya ndoa yake mukononi. Alipashwa kumuoa Falonne, binti wa mutaa wa Mulekera, kule Beni. Lakini pahali pa jina lake, imprimante ya secrétariat, kule banachapaka makaratasi, ilikuwa imetoa: Ã‰lisÃ©e. Baba ya Falonne, mushemasi mukali, alipata yake na alishatuma ujumbe: “Huyu mutu mwenye kanyoka juu ya jina ni nani? Ndoa isimame kwanza.”

Mathe, tunamuita Directeur juu alishafanyaka stage ya kujifunza kazi mu bureau, akavuta ile karatasi.

— Ni machine. Ilitokea Kampala. Inajua kingereza tu, kifaransa hapana. Ikiona accent, kale kamustari juu ya é, inaogopa.

— Uongo! akasema Kambere, motard wetu, mwenye kubeba batu na pikipiki, jina lake la ku banc ni Réseau. Falonne alituma maandiko na WhatsApp toka Beni. Unajua ile barabara? Accent zilimwangika mu kona.

— Na kanyoka? nikauliza.

— Kalipandia mu njia, bila kulipa.

— Mais non! Directeur akarudilia. Ni satellite. Ikipita juu ya milima, baridi inakunja herufi.

— Bandugu, Élisée akasema, beau-père anakatala ndoa, na nyinyi munaongea baridi!

Orpa akamumiminia kahawa bila kuuliza.

Pale pale moto, pikipiki ya kubeba batu, ikasimama, Falonne akashuka, vumbi mpaka mu kope.

— Nimetoka kwa Muyisa wa secrétariat, akasema. Machine yangu iliandika accent mu njia moja, yake ikaisoma mu njia ingine. Njo ile tu. Anaandika jina upya na vidole vyake. Anauliza kitu kimoja: ile accent inalalia upande gani, kuume ao kushoto?

Directeur akaanza kupanguza miwani. Réseau akainama kuangalia mupira wa moto yake. Élisée akachora na kidole juu ya banc: kuume. Akafuta. Kushoto. Akafuta tena.

— Hata wewe, mwenye jina? Falonne akauliza.

— Ku masomo nilikuwa natupa tu kamustari, mwalimu alikuwa anajichagulia.

Falonne akacheka mpaka akamushika bega. Akapiga simu, akaiweka haut-parleur, sisi wote tusikie.

— Papa, ni yeye kabisa. Jina ni yake, lakini kuliandika hajui.

Tulisikia jogoo wa Mulekera mu simu. Kisha muzee akaanza kucheka, polepole, akakohoa, akacheka tena.

— Bon. Muandike ELISEE, maherufi kubwa, bila kitu juu. Accent tutamupatia na midomo, tukimuita, siku atakuja kukuchukua.